Fuata Kete Mpaka Ilipolala
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Nyasura)



Nimeagizwa na Halmashauri niseme maneno machache jioni ya leo juu ya jambo lililoletwa mbele ya Chama, nalo ni hili: Je, yafaa tutoe fedha katika mfuko wetu kununua bao na sataranji, viwekwe katika chumba chetu cha kusomea? Wako wanachama waliokubali mara moja. Wako na wengine, watu wazima wenye busara, waliokataa, wakasema ya kwamba bao ni mchezo wa wasio na kazi, na kwamba ada za wanachama zapasa kununua vitabu.

Neno lao si la kudharauliwa. Sote twafahamu jinsi ilivyo aibu mtu aliyetoka Kisorya alfajiri kuleta hati yake, afikapo Bunda amkute karani barazani, kete mkononi, akamwambia, "Ngoja kidogo, mzee, namaliza mkono huu." Ikiwa ndiyo faida ya bao, mimi nami nitasimama pamoja na wanaokataa. Walakini naomba kwanza tutazame mchezo wenyewe ni kitu gani, wafundisha nini, na wapi mafundisho yake yakoma. Baada ya hayo kila mmoja atakata shauri kwa akili yake.

Watu wa pwani huliita bao. Wasukuma, jirani zetu, wana isolo. Waganda wana omweso. Wajaluo wana ajua. Majina ni mengi na sheria zatofautiana, lakini asili ni moja: mashimo, kete, na mkono unaopanda mbegu kama mkulima. Nalo si jambo la juzi. Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa Wafaransa kule Madagaska, aliandika habari za mchezo wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1658. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi mkubwa aliyefariki mwaka 1840, alitunga shairi zima juu ya bao. Basi mchezo huu si wa wapumbavu, ikiwa mtu kama Muyaka aliuona wastahili beti zake.

Sataranji nayo ilitoka Bara Hindi, ikapita Uajemi, ikafika kwa Waarabu, na kwao ikaenea Ulaya. Jina lake la kale la Kihindi lilikuwa na maana ya viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita.

Tazameni ajabu moja. Ubao wa sataranji una nyumba 64 na vipande 32. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Hesabu ni ile ile, imepinduliwa. Tena katika sataranji vipande vina vyeo: yuko mfalme, yuko waziri, wako farasi, wako askari wa mbele ambao hutolewa kafara ili wakubwa wapone. Katika bao hakuna mfalme. Kila kete ni sawa na mwenziwe, na nguvu yake hutoka mahali ilipo na wenzake iliokaa nao. Kete moja peke yake shimoni haina mwendo. Ikiongezwa ya pili, mara yapata safari.

Sasa nitataja mafundisho matatu.

La kwanza ni kufuata kete mpaka ilipolala. Mwenye kuchota kete 7 shimoni ajua ya kuwa zitaanguka moja moja katika mashimo 7 yafuatayo. Mtoto huishia hapo, akafurahi. Fundi huuliza: ile ya saba itaangukia wapi? Ikikuta shimo lenye kete 3, zitakuwa 4, nazo zote zitachotwa ziendelee. Nne hizo zitafika wapi? Huenda zikafika shimo lenye kete nyingi, safari ikaendelea kuzunguka. Huenda zikafika shimo tupu, zikalala, zamu ikaenda kwa mwenziwe. Mafundi hufanya hesabu hizi kichwani kabla hawajanyosha mkono. Mtaalamu wa Uholanzi aitwaye Alex de Voogt alikaa Unguja pamoja na mafundi wa bao, akawachunguza jinsi wanavyofikiri, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1995 alikiita kwa jina la mipaka ya akili. Hakwenda huko kutazama wavivu.

Ndugu zangu, kazi ya ofisini ni kupanda kete. Kila barua tuandikayo, kila muhuri tugongao, kila "njoo wiki ijayo" tumwambiayo mtu, ni kete ya kwanza tu. Nitoe mfano wa hapa kwetu. Pamba ya mkulima imepimwa, hati yake ya malipo yangoja sahihi. Karani aona jua limechwea, akaiweka hati chini ya nyingine mpaka Jumatatu. Kwake yeye ni kete moja. Haya, tuifuate. Jumatatu mwenye sahihi amesafiri, hati yangoja wiki nzima. Mkulima anaye mtoto anayetakiwa shuleni na sare na daftari. Hana budi akope kwa mchuuzi. Mchuuzi hampi bure. Amwandikia kulipa zaidi. Malipo yafikapo, nusu yaenda kwa mchuuzi, na fedha ya dawa za kuua wadudu haipo. Msimu unaofuata shamba laliwa na wadudu. Mkulima asema, "Sitalima pamba tena, Serikali haina maana." Hapo ndipo kete ilipolala. Karani hakuiba senti hata moja, wala hakumtukana mtu. Kosa lake ni kwamba alihesabu shimo moja akaacha mengine.

Nami sisemi kwamba karani aweza kuona yote. Hata fundi wa bao hafiki mwisho wa kila hesabu. Lakini iko tofauti kubwa baina ya mtu aliyetazama mbele mashimo kumi akakosea la kumi na moja, na mtu asiyetazama kabisa.

La pili ni habari ya nyumba. Wachezaji wa bao la Kiswahili wajua ya kwamba kila upande una shimo moja liitwalo nyumba. Mwanzo wa mchezo kila mtu huweka kete 6 katika nyumba yake na mbili mbili katika mashimo mawili ya kando. Kumi hizo zipo ubaoni, na 22 zabaki mkononi, huingizwa moja moja kila zamu. Mtu alapo na kete yake ya mwisho ikaishia katika nyumba yake iliyojaa, sheria yampa hiari: akae, au asafiri. Akisafiri, huzitoa zote na kuzisambaza, wala hawezi kuirudisha nyumba ile kama ilivyokuwa. Akikaa, akiba yake yakua.

Mwenye pupa husafiri mara ya kwanza apatapo nafasi, kwa kuwa apenda kusikia kete zikilia. Mashimo yake yote yapata kitu, naye ajiona tajiri, halafu baada ya zamu tatu hana pa kushika. Mwoga naye hukaa, hukaa, mpaka siku mwenziwe anapopata njia akaila nyumba yote kwa mkono mmoja. Basi si kukaa kulikoleta ushindi, wala si kusafiri. Ni kujua wakati.

Watumishi wa Serikali twalijua jambo hili kwa maumivu. Yuko aliyekopa juu ya mshahara wake kwa ajili ya sherehe ya siku moja, akalipa miaka mitatu. Yuko aliyestaafu, akapokea kiinua mgongo asubuhi, na jioni amekwisha kukiweka chote katika biashara asiyoijua. Na yuko aliyekalia fedha yake chini ya godoro mpaka thamani ikaisha, wala hakusomesha mtoto, wala hakununua kiwanja. Wote watatu waliona nyumba, hawakuona wakati.

La tatu ndilo linalonipendeza zaidi. Katika sataranji kipande kilicholiwa hutolewa ubaoni, kikawekwa kando; kila dakika jeshi lapungua, na mwisho wabaki wachache na mfalme anayekimbia. Katika bao sivyo. Kete niliyoila kwako siitupi. Naipanda kwangu, nayo yafanya kazi upande wangu mpaka utakapoirudisha. Kete ni 64 mwanzo, ni 64 mwisho. Hakuna iliyokufa. Ashindwaye ni yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu au hana tena mwendo, wala si aliyeuawa askari wake.

Mji wetu ni mdogo. Mtu uliyemshinda leo katika shauri la ofisini, kesho utahamishiwa idara yake, au yeye atakuwa mkwe wa ndugu yako. Mtu aliyekupinga katika mkutano ana akili ile ile aliyokuwa nayo kabla hujamshinda, na akili hiyo ni mali ya kazi yetu. Mwenye kucheza sataranji ofisini humwondoa mwenziwe ubaoni. Mwenye kucheza bao humpa mahali pa kufanya kazi. Nawaachia mpime ni ipi iliyo bora kwa watu waliopewa ofisi moja, jengo moja, na wananchi wale wale.

Sasa wako wasemao: haya ni mafumbo tu, mchezo umemfaa nani kwa kweli? Sihitaji kwenda mbali. Toka hapa Nyasura ufuate barabara ya Musoma, ukate kwenda Butiama. Huko alizaliwa mwaka 1922 mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, akaitwa Kambarage. Alichunga mbuzi kama watoto wengine. Husimuliwa ya kuwa mtoto huyo alikuwa hodari wa bao, na kwamba mtemi mmoja jirani, rafiki wa baba yake, alipocheza naye alistaajabia akili yake, akamshauri mzee ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma. Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora, kutoka Tabora Makerere mwaka 1943, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Yaliyofuata, hata Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, yajulikana na kila mtoto wa darasa la tatu. Naye alipostaafu urais mwaka 1985 alirudi Butiama, akalima shamba lake, akacheza bao na wazee.

Fikirini habari hii kwa upande wa yule mtemi. Siku zile hapakuwa na mtihani wa kumpima mtoto mchungaji. Mtihani ulikuwa ubao wenye mashimo, na msimamizi wake alikuwa mtu mzima aliyekubali kukaa chini pamoja na mtoto. Lau angalisema, "Watoto hawachezi na watemi," asingaliona kitu.

Na jirani zetu Uganda wametuonyesha jambo kama hilo karibu na siku zetu. Katika Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala, mwalimu Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji. Miongoni mwao alikuwa msichana aitwaye Phiona Mutesi, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa karo. Mwaka 2010 aliiwakilisha nchi yake katika mashindano ya dunia ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Kwa njia ya mchezo alirudi masomoni, na mwaka 2016 habari zake zikafanywa filamu. Nataka wanachama waangalie neno hili, msichana. Barazani kwetu twawaona wavulana wakisimama nyuma ya wazee kutazama bao. Wasichana tumewatuma maji. Ni kete ngapi zenye nguvu tumeziacha shimoni bila kuzigusa?

Bwana Mwenyekiti, nimesifu vya kutosha. Sasa napenda kusema mahali ambapo mfano huu wakoma, kwa kuwa mfano usiowekewa mpaka hugeuka kuwa hatari, na hatari hii yatuhusu sisi kuliko watu wengine.

Kete haina mke. Haina shamba, haina kaburi la baba yake, haina kisima iliyozoea kuchota. Ukiitoa shimo hili ukaitia shimo lile haikuulizi neno. Mtu siye. Adam Smith, mwanachuoni wa Scotland, aliyaandika haya katika chapa ya mwaka 1790 ya kitabu chake juu ya maadili. Alisema yuko mtu apendaye mpango wake mwenyewe mno, akadhani aweza kuwapanga watu wa nchi kama mkono upangavyo vipande vya sataranji. Akasahau ya kuwa vipande vya ubaoni havina mwendo ila mwendo wa mkono, lakini katika jamii ya watu kila kipande kina mwendo wake mwenyewe.

Nchi yetu imeyaona haya. Mwezi wa Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza ya kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho uliowekwa ulikuwa mwaka 1976. Nia ilikuwa njema: watu waliotawanyika wakae pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Wengi walizipata shule hizo, na miongoni mwetu humu wamo waliosoma ndani yake. Walakini amri ilipita mikononi mwa maofisa na makarani, nao baadhi yao waliifanya kama watu wanaosogeza kete. Mahali pengine watu walipangwa katika mistari kando ya barabara, mbali na mashamba yao. Pengine hapakuwa na maji. Pengine nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili mwenyewe asirudi. Miaka ile ile ukame ulikuja, na Serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi nchi za nje.

Sitaji haya ili kumhukumu marehemu, ambaye alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa Butiama, wala kuwahukumu watumishi waliotutangulia. Nayataja kwa sababu mcheza bao mwenyewe, aliyejulikana kwa akili ya kuona mbali, hakuweza kuiona kila kete kutoka Dar es Salaam. Aliyeweza kuiona ni mtumishi aliyekuwa pale pale kijijini. Yeye ndiye aliyejua kisima kiko wapi na mvua yaanza lini. Lau wote wangaliandika, "Bwana, mahali hapa hapana maji," mambo mengi yangalikwenda vingine. Baadhi waliogopa. Baadhi walipenda sifa ya kuwa wa kwanza kumaliza.

Basi hili ndilo neno langu. Akili ya bao twaihitaji ofisini: kuhesabu mbele, kujua wakati, kutomwondoa mtu ubaoni. Lakini tuitumie kuyahesabu matendo yetu, tusiitumie kuwahesabu watu. Kete za karani ni barua zake, sahihi zake na maneno yake. Hizo azisogeze atakavyo maadamu amezifuata mpaka zilipolala. Mwananchi si kete. Mwananchi ni yule aketiye upande wa pili wa meza, tena hakuja kushindwa. Amekuja tusaidiane kufanya hesabu.

Kwa sababu hizo naunga mkono ununuzi wa bao moja na sataranji moja, kwa masharti manne. La kwanza, visiguswe wakati wa kazi, wala mtu asingojeshwe kwa ajili yake. La pili, pasichezwe kamari, hata kwa soda. La tatu, siku ya Jumamosi alasiri chumba kifunguliwe kwa watoto wa Nyasura, wavulana na wasichana sawasawa, na kila wiki wanachama wawili wakae nao, wacheze nao, wawaangalie. Akionekana mtoto mwenye kichwa chepesi aliyekosa kalamu au sare, jina lake liletwe mbele ya Halmashauri, na Chama kimsaidie. La nne, vitabu navyo vinunuliwe kama kawaida, kwa kuwa ubao hufundisha kufikiri, bali haumpi mtu habari za kufikiria.

Ndugu zangu mliokataa, nawasihi mlifikirie hilo sharti la tatu kabla ya kupiga kura. Fedha inayoombwa ni ndogo. Huenda isilete kitu ila kelele za kete Jumamosi. Na huenda mmoja wetu, akiwa ameketi chini mbele ya mtoto asiyemjua, akashindwa mikono mitatu mfululizo, akainua macho na kumwuliza jina lake na jina la baba yake.

Shauri ni lenu, Bwana Mwenyekiti na wanachama.